Betri yangu kutikiswa sikioni kama nazi mbele ya kijiwe kizima!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimeshuka kwenye boda sasa hivi natokea Nyakato. Jina la fundi sitaji, ila wa Mwanza wote mnamjua. Yule yule.

Jamaa kaishika betri yangu ya pikipiki kwa vidole viwili, kaipeleka sikioni, kaitikisa. Kama nazi! Kisha akawageukia bodaboda: "Haina kitu humu. Kauziwa hewa." Kijiwe kizima kikaangua kicheko, nadhani mpaka Jiwe la Bismarck lilisikia.

Ni lithium, wakuu! Maji ya kuchezacheza humo yatoke wapi? Ndani ni seli nne za volti 3.2, jumla 12.8. Ile ya zamani ilikuwa karibu kilo nne, hii haifiki kilo moja na nusu, na inazungusha injini ya cc 1200 yenye pistoni mbili, kila moja sawa na sufuria ya ugali wa msibani. Nilijinyima miezi na miezi kuipata.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Nilisafiri, huku nyuma alamu ikainyonya. Nikamwambia aichaji taratibu, isizidi volti 14.6. Nikachukua chaki nikaandika mezani kwake: 14.6.

Narudi jioni, naikuta kwenye chaja yake ya betri za malori, swichi iko upande wa kufufua betri zilizokufa. Upande ule unapandisha volti kupita 15 ili kuvunja ukoko kwenye sahani za risasi. Lithium haina sahani za risasi! Imevimba ubavu, na chaki yangu bado inasomeka pembeni yake. Unajua kasemaje? "Si nilikwambia ina hewa? Ona ilivyojaa." Halafu anadai elfu tano ya kuchaji!

Kwanza aitikise. Sikioni. Halafu elfu tano.

Sato Mkavu: Pole mkuu, ila hapo kwenye nazi nimemwaga chai.

Gia Tano: Cc 1200 unaenda nayo wapi, Igoma sokoni?

Mleta uzi: Naenda Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi si lipo tangu 2025? Na hoja si safari. Hoja ni kuitikisa sikioni!

Mzee wa Spana: Kijana, regureta, ile inayodhibiti volti za kuchaji betri, umepima? Ikipitisha 15 ukiwa barabarani, betri ingekufa hata huyo fundi asingeigusa. Halafu jueni hili: betri ya maji ikisoma 12.8 imejaa, lithium ikisoma 12.8 inaelekea kuisha. Wengi mita inawadanganya hapo. Na hiyo iliyovimba usiirudishe kwenye pikipiki wala usiichaji tena. Itoe ndani ya nyumba, iweke mbali na vitu vya kuungua.

Mleta uzi: Regureta inatoa 14.2, nimepima mwenyewe. Msimtetee, mzee wangu. Hukuwepo alipoipeleka sikioni.

Gia Tano: Ingetoa sauti ungefurahi?

Mama Plagi: Afadhali wewe ulichekwa bure. Mimi niliuziwa lithium imeandikwa Ah 14, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Nyumbani nasoma maandishi madogo, kumbe hiyo 14 ni ya kulinganisha na betri ya maji, zenyewe hazifiki nusu. Namrudia muuzaji, ananiambia miwani ninunue kwanza.

Wa Igombe: Nyie mna barabara ya kusukumia. Sisi betri ya taa za dagaa ilizima saa nane usiku katikati ya ziwa, giza hata kasia hulioni. Tunamfuata aliyetuuzia, anasema mbona enzi za karabai hamkulalamika. Enzi za karabai ulituuzia betri wewe?

Mama Plagi: Huyo naye namjua!! Wa karibu na stendi?

Wa Igombe: Huyo huyo.

Sato Mkavu: Mkuu wa Igombe, giza hili dagaa wapo? Ndoo shilingi ngapi?

Wa Igombe: Usinitoneshe kidonda. Wanunuzi wanatupangia bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga, na ndoo wanakuja nayo wenyewe imebonyezwa chini ili ionekane imejaa. Mwingine juzi kaipiga teke kabisa dagaa washuke, aongezewe.

Mzee wa Spana: Kupiga teke ndoo ni wizi wa mchana.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa betri. Kaitikisa SIKIONI.

Sato Mkavu: Tumekusikia, nazi. Hiyo ndoo, ni ile ya lita 20?