Kupanga utafiti wa mdomo wa Mto Nyando

MwanaAhero: Habari wakuu. Kikundi chetu kimepata fedha za mwaka mmoja kuchunguza pale Nyando inapoingia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Tumepanga vituo kumi, sampuli mara moja kwa mwezi: tope, fosforasi na oksijeni. Tunataka hoja za kuyatetea mafunjo yaliyobaki yasilimwe yote. Miongozo tuliyo nayo ni ya midomo ya mito ya baharini. Tubadilishe nini?

PimaMaji: Hapo kwenye "mara moja kwa mwezi" ndipo pa kurekebisha kwanza. Nyando husomba sehemu kubwa ya tope lake siku chache za mafuriko. Ratiba ya tarehe moja itawapa maji matulivu mwaka mzima. Bakini na vituo vitano, fedha zilizookolewa ziende kwenye mafuriko. Mtu anayeishi karibu na daraja la Ahero achote kila baada ya saa tatu, mto ukipanda na ukishuka pia, kwani kwa kimo kilekile tope la maji yanayopanda kwa kawaida huwa zito zaidi. Chupa iteremshwe hadi karibu na chini na kupandishwa kwa mwendo uleule. Maji ya juu pekee huficha mchanga.

Tena, tope bila mtiririko halisemi kitu. Chukulia miligramu 800 kwa lita, mto ukipitisha mita za ujazo 40 kwa sekunde: hizo ni kilo 32 kwa sekunde, zaidi ya tani 2,700 kwa siku. Ombeni WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) rekodi za kimo cha mto mapema.

Mafunjo_Kano: Baharini ratiba hufuata kupwa na kujaa. Kwetu mwenye nguvu ni upepo. Asubuhi ghuba hutulia. Alasiri upepo wa ziwani hutibua tope, maana kina ni kifupi, na kulihamisha gugumaji. Malizeni vituo vya ghubani kabla ya saa nne asubuhi, na kila mara muandike kama kituo kilifunikwa na gugu. Oksijeni ipimwe kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu usiku kucha viumbe huitumia na hakuna kinachoizalisha. Kipimo cha saa nane mchana hakioneshi hatari inayowakuta samaki.

Vituo: daraja, mto kabla ya mafunjo, mara baada ya mafunjo, na viwili ghubani. Tofauti ya kabla na baada ndiyo hoja yenu. Lakini msishtuke fosforasi iliyoyeyuka ikitoka nyingi kuliko ilivyoingia. Tope lililokosa oksijeni huiachilia. Kwa hiyo pimeni fosforasi yote na iliyoyeyuka, kila moja na chupa yake. Ya pili ichujwe palepale kwa chujio la mikromita 0.45, ikisubiri hadi jioni imeshabadilika.

MwanaAhero: Asanteni sana. Chupa tuoshe kwa sabuni ya kawaida? Na vibali?

PimaMaji: Sabuni hapana, nyingine zina fosforasi. Tumieni asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, kisha suuzeni mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa (distilled). Kila safari bebeni chupa moja ya maji hayo mkaichuje kama sampuli. Ikionesha fosforasi, uchafu ni wenu. Leseni ya utafiti ni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. BMU (kamati za wavuvi za usimamizi wa fukwe) waoneni kabla hamjachagua vituo: wanajua nyavu zilipotegwa na viboko wanakolala, nao ndio watakaowapa nahodha.