MREJESHO: Dirisha la risiti sasa linaonyesha kilo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu programu ya Tkinter (zana ya Python ya kutengeneza madirisha) ya duka letu la asali hapa Tabora: dirisha la risiti linafunguka vizuri, ila sehemu ya kilo inabaki tupu hata StringVar (kihifadhi cha maandishi ya kuonyeshwa dirishani) ikiwa na 20 ndani.

Aliyesema nitafute Tk() ya pili (Tk() ndiyo amri ya kufungua dirisha kuu) ndiye aliyepatia. Kila Tk() huanzisha mkalimani wake wa Tcl (lugha inayoendesha Tkinter kwa ndani), na StringVar usipoitajia dirisha lake hujishikiza kwa Tk() ya kwanza, kwa hiyo dirisha la Tk() ya pili haliioni. Kwenye risiti nimeweka Toplevel(dirisha_kuu), yaani dirisha dogo chini ya lile kuu, mainloop() (kitanzi kinachosubiri mibofyo) imebaki moja, kilo zikatokea hapo hapo.

Nimeongeza transient() ili risiti isijifiche nyuma ya dirisha kuu, na grab_set() ya kuzuia mibofyo kwenye madirisha mengine, maana shemeji anayeuza hana subira: risiti iko wazi, yeye keshabofya "Mauzo Mapya". Wa Linux, tangulizeni wait_visibility() (inasubiri dirisha lionekane kwanza), la sivyo grab_set() inaweza kugoma.

Ushauri wa kuficha dirisha kuu kwa withdraw() sikuufuata. Ukilificha kisha mtu akafunga risiti kwa X, programu inabaki hai bila dirisha lolote. Unaweza kuidaka WM_DELETE_WINDOW (ishara ya kubofya X), lakini kwa duka dogo naona ni kujitafutia kazi.

Sasa napambana na printa.