Kuandika maisha ya marehemu mzee wetu, baharia na mtu wa bandari: tarehe tuzipate vipi?

MwanaKuze
Asalaam alaykum. Mzee wetu ametangulia, nasi twataka kuandika maisha yake kabla ya arubaini, kitabu cha kurasa thelathini hivi, kila nyumba iwe na nakala. Ujanani alikuwa baharia wa majahazi ya kubeba boriti, Lamu hadi Arabuni. Baadaye Kilindini, akapanda kutoka kuli hadi mnyapara wa genge. Watoto tisa, sote katulea kwa jasho lake. Tunalo daftari lake la safari kwa khati za Kiarabu, barua tatu za kazi, na picha kumi na mbili, moja imegandana na kioo cha fremu. Kitambulisho chasema 1930. Mwenyewe alikuwa akisema "niliingia bandarini mwaka wa mgomo", na "safari ya mwisho tuling'oa nanga Idi pili, kusi ndio kwanza lashika". Miaka yenyewe twaipataje?

GatiniKilindini
Makiwa. Anzeni na barua, na msome kichwa chake kabla ya maneno. Ikiwa na herufi KUR&H, hiyo ni Reli na Bandari za Kenya na Uganda, kabla ya 1948. EAR&H ni ya Afrika Mashariki, 1948 hadi 1969. Mwaka huo wa 1969 bandari zilitengwa na reli, zikapewa shirika lao chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika 1977, na KPA, Mamlaka ya Bandari Kenya, ikaanza 1978. Kwa hiyo hata barua iliyoliwa na mchwa penye tarehe, yakadirika.

"Mwaka wa mgomo" waweza kuwa zaidi ya mmoja. Januari 1947 ulisimama mji mzima, watu wakikusanyika Kiwanja cha Maskini, na jina lililovuma ni la kiongozi wao, Chege Kibachia. Machi 1955 ulikuwa wa makuli wa bandari, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kutoka Nairobi kusuluhisha. Waulizeni wazee wa maskani yake: hoteli na nyumba za Wazungu nazo zilikosa watumishi? Na jina gani lilikuwa midomoni mwa watu?

Nawaomba pia msiandike "alifanya kazi bandarini" mkaishia hapo. Kuli wa melini hushuka ngamani, ndani ya tumbo la meli, hupanga magunia kwenye wavu, winchi ikainua. Wa nchi kavu hupokea gatini na kupanga ghalani. Ni kazi mbili mbalimbali, na hatari zake si moja. Semeni alisimama wapi.

TangaNaForomali
Mola amrehemu. Kauli ile ya Idi pili ni hazina, mzee kawaachia tarehe bila kutaja mwaka.

Jahazi la kwenda kaskazini hufuata kusi, upepo utokao kusini, nao hushika Aprili. Kati ya Juni na Julai bahari huwa chafu, wengi hungoja. Kurudi ni kwa kaskazi, upepo utokao kaskazini, Disemba hadi Machi. Mtu akiwaambia mzee alitoka Mombasa kwenda Arabuni mwezi wa Januari, hapo pana kosa, ulizeni tena. Idi nayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Sasa zikutanisheni: Idi ndogo iliangukia Aprili mwaka 1958, tarehe 20 hivi, na 1959, tarehe 10 hivi, mkiongeza au kupunguza siku moja kwa ajili ya mwandamo. Haikurudi Aprili mpaka 1990. Hakikisheni tu kwamba alikusudia Idi ndogo, maana kwa Idi kubwa hesabu yote hubadilika.

Na msishtuke mgomo ukiwa 1955 na safari ya mwisho 1958. Kwa wengi kazi ya gatini ilikuwa kibarua cha kutwa. Mtu aliweza kubeba magunia msimu mmoja na kupanda chombo msimu mwingine.

Daftari mpeni mwalimu wa chuoni (madrasa) anayesoma Kiswahili cha khati za zamani. Herufi ba hapo husimama kwa b, p na mb, kwa hiyo "bau" ni pau, miti myembamba. Mkikuta "korija 15 boriti, 40 mazio", korija ni miti 20: boriti 300 na mazio, miti myembamba kuliko boriti, 800. Ukurasa huo utieni kitabuni kama ulivyo.

PichaZaZamani
Iliyogandana msiibandue wala msiitie maji, uso wa picha utabaki kwenye kioo. Iskanini na kioo chake kikiwa safi. Nyingine 600 dpi (nukta kwa inchi), zile ndogo za pasipoti 1200, na muhifadhi kwa faili za TIFF. Skanini na mgongo pia, muhuri wa studio huwa hapo. Majina yaandikwe kwa penseli laini, kwani wino hupenya. Kisha bahasha za karatasi, si albamu ya plastiki ya kunata. Kwa unyevu wa Mombasa ile ndiyo huotesha ukungu.

MwanaKuze
Ahsanteni sana. Barua ya kwanza ni EAR&H, na rafikiye amemtaja Mboya. Basi ni 1955. Na ule mwaka wa kuzaliwa?

GatiniKilindini
Andikeni "takriban 1930". Wazee wengi mwaka wao ulikadiriwa dawatini. Cheti cha ndoa cha Kadhi kitafuteni, hicho kina tarehe kamili.

Mama akiwa edani, aulizwe na binti zake, mmoja mmoja, dakika arubaini zatosha. Aulizwe vitu: siku ya mshahara alirudi na nini mkononi, barua kutoka ng'ambo ilisomwa na nani. Simu iwekwe juu ya mto, feni izimwe. Kwa joto hili, baada ya sala ya alfajiri ndio wakati mzuri.