Mrejesho: lile shamba la viazi Uyole sikuliuza

Wakuu narudi, mi ndo yule wa Uyole, Mbeya, niliyeuliza kama Mungu ananionyesha niuze shamba, baada ya mnyauko kumaliza viazi ekari nzima na ada ya dogo inadaiwa. Nikaomba wiki mbili, kimya, baridi tu. Jumapili moja mzee wa kanisa, kumbe aliwahi kuwa bwana shamba, akakata kiazi nilichomletea akakiminya, ute mweupe ukatoka, akasema bakteria huyo amekaa kwenye udongo, usirudishie viazi wala nyanya, weka mahindi kwanza. Na mi nilikuwa nasubiri ndoto bana! Nimevuna gunia 14 za mahindi, ada nimelipa nusu, nusu bado naomba, na mhasibu wa shule anapiga simu kila Ijumaa.