Mama ana moyo uliotanuka, yuko Liwale, mimi Mbagala. Dawa za kila siku mnazipataje?

Mngindo_Mbagala: Wakuu habari. Presha ya miaka mingi imemtanua mama moyo. Alilazwa hapa Dar, maji yaliyojaa mwilini yakatoka, akarudi kwake Liwale na dawa za mwezi: Lasix, spironolactone, enalapril, carvedilol. Zimeisha. Zahanati ya kijijini haina, duka la dawa muhimu carvedilol hawaijui. Kumleta kliniki kila mwezi na msindikizaji siwezi. Mwenyewe anasema, "Miguu si imenywea, dawa za nini tena?" Wenye wazee mikoani mnafanyaje?

Nesi_Temeke: Pole kaka. Miguu imenywea kwa sababu anameza. Siyo dozi ya malaria hiyo, na carvedilol haikatishwi ghafla. Chumvi ipungue. Mnunulie mzani, apime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, mjukuu aandike. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, siyo ugali; aende hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, asingoje kliniki. Na diclofenac ya mgongo mkatazeni kabisa! Wazee wa shamba wanaipenda mno, nayo inarudisha maji na kuumiza figo.

Mwana_Njinjo: Baba yangu yuko Kilwa, ana tatizo hilohilo. Nilimwomba daktari wa Dar barua yenye dawa zote, dozi na majibu ya eko (ultrasaundi ya moyo), nikaipeleka hospitali ya wilaya. Sasa figo na potasiamu anapima kulekule, Dar anakuja mara chache. Dawa wasizokuwa nazo nanunua za miezi mitatu, nampa konda wa basi pale Rangi Tatu, Mbagala. Andika namba ya simu juu ya boksi, na usifungashe pamoja na dagaa, mzee wangu aligoma kuzimeza.

Kijana_wa_Ilala: Rwanda manesi wa hospitali za wilaya wanaendesha kliniki za moyo miaka mingi sasa, na ultrasaundi wanapiga wenyewe. Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé, Togo, wakapitisha mpango wa namna hiyo, PEN-Plus. Sisi wengine bado daktari wetu ni konda.

Mngindo_Mbagala: Hahaa, konda nimempata tayari. Dada nesi, mzani wa betri au wa mshale?

Nesi_Temeke: Wa mshale, betri huko zitawasumbua. Uwekwe kwenye sakafu ngumu, palepale kila siku, siyo juu ya mkeka.