Tupeane uzoefu: nafasi yako ya kwanza ya mambo ya mazingira ukiwa chuoni uliipataje?

Mto_Nyamwamba
Salamu wadau. Niko mwaka wa pili, nasoma sayansi ya mazingira hapa Kampala lakini kwetu ni Kilembe, Kasese. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 yalinikuta bado niko praimari, na mpaka leo ninachokumbuka ni mawe, mawe makubwa kuliko gari yanabingirika unasikia ardhi inatetemeka miguuni, maji yalipopungua shamba la shangazi lilikuwa limegeuka mto. Ndiyo maana niko kwa hii kozi.

Sasa shida yangu. Kila siku kwenye grupu letu la WhatsApp zinaingia linki kama thelathini, mkutano wa vijana huku, mafunzo kule, skolashipu ya sijui wapi, ukifungua nusu zimeshafungwa na nusu wanataka mtu mwenye uzoefu, jamani huo uzoefu tunautoa wapi kama kila mlango unauuliza? Kaka zangu na dada zangu mlionitangulia, niambieni wazi, ile ya kwanza kabisa uliipataje, ulitoa pesa gani mfukoni, na siku hiyo mikono yako ilifanya nini. Picha za vyeti msinitumie, nataka stori.

Mwana_Kajjansi
Ya kwangu ilianza na ndege, na wakati huo ndege niliowajua ni kaloli wa kwenye majalala na kunguru, basi. Januari nikiwa mwaka wa kwanza lekchara alituambia NatureUganda, shirika la uhifadhi, wanahesabu ndege wa maji ghuba ya Lutembe, hapo tu ukitoka barabara ya Entebbe, anayetaka kujifunza aje. Darasa la watu themanini tukaenda wanne. Teksi mpaka Kajjansi na boda ya kuteremka ziwani nilijilipia, chai na chapati tukapewa.

Sasa sikiliza. Buabua wa mabawa meupe wakiwa wametua kwenye matope huwezi kuhesabu mmoja mmoja, Lutembe wamewahi kufika zaidi ya milioni, ni wageni hao wanakimbia baridi ya Ulaya na Asia. Nikaduwaa na darubini mkononi. Mama mmoja mtu mzima akanishika bega akasema mwanangu, hesabu kumi kwanza, uone kumi inakaa ukubwa gani, halafu kwa hiyo kumi upate mia, kwa mia upate elfu, hicho kipande cha elfu ukipitishe juu ya kundi lote kama fundi anayepima kitambaa kwa mkono. Nikapata elfu sita, yeye elfu tisa. Akasema rudia. Nikarudia mara tatu mpaka tukakaribiana, halafu akapita mwewe, kundi zima likainuka kama mtu amekung'uta shuka jeupe, hesabu ikaharibika tukaanza upya na mtumbwi unaingiza maji na hakuna aliyelalamika.

Nilirudi mwaka uliofuata, nikarudi na siku ile ya mashindano ya masaa 24 ya kuandika ndege, Big Birding Day. Safari ya tatu daftari nikapewa mimi. Atachimenti, yaani mafunzo kazini, sikuandika barua, yule mama alinipigia simu akauliza mwezi wa sita una nafasi?

Kitu kingine, soma kidogo kabla hujaenda. Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu ulitiwa saini tarehe 2 Februari 1971, Uganda tuliingia 1988 na ziwa George ndilo lilitangulia, leo tuna maeneo 12 na Lutembe imo tangu 2006. Siku ya ardhioevu wanakuwepo watu wa wizara na wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ukiwa unajua haya unaongea nao bila kubabaika na wanakukumbuka.

Nyabo_wa_Ggaba
Mimi ni usafi wa ufukweni Ggaba, Septemba, ile Jumamosi ya tatu ambayo dunia nzima inasafisha fukwe. Wengi waliokota wakapiga picha wakaondoka saa nne. Sisi sita tulibaki, tukatandika turubai, tukamwaga kila kitu, tukatenga chupa kufuata kampuni iliyozitoa na kuandika. Kaveera, ile mifuko ya plastiki, zilikuwa nyingi kuliko chupa, na sheria ya mazingira ya 2019 inakataza zile za chini ya maikroni 30, lakini ukizishika zinapasuka kama ngozi ya kitunguu na bado ziko kila duka. Ile karatasi ya hesabu, imechafuka na matope, niliipiga picha nikaambatanisha na maombi ya mafunzo Nairobi. Kwenye mahojiano waliuliza hiyo karatasi peke yake.

Kahawa_ya_Bugisu
Wacha nianze na iliyoniumiza ili isimpate mwingine. Nikiwa mwaka wa kwanza nilipata imeili kwamba nimechaguliwa kuwa mjumbe wa mkutano wa vijana wa tabianchi nchi ya mbali, barua ina mhuri na bendera, nilipe dola 150 za kushika nafasi, nikifika narudishiwa. Mama aliuza gunia la kahawa. Nikatuma, wakaomba 80 nyingine za bima, nikauliza maswali, namba ikazimwa. Nikikaa na kuirudia ile fomu leo naona hakuna swali hata moja kuhusu kazi ninayofanya, ni pasipoti na malipo tu, na pesa ilikwenda kwa jina la mtu binafsi. Niliona haya miezi mingi.

Mto_Nyamwamba
Pole sana kaka. Mama ulimwambia?

Kahawa_ya_Bugisu
Nilimwambia baada ya wiki mbili. Alinyamaza, halafu akasema kesho twende shambani.

Na huko shambani ndiko kazi yangu ilikuwa. Sisi ni watu wa Bududa, Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi ukazika watu. Kuna kikundi cha vijana wa kijiji wanafuatilia nyufa, nikaingia. Unapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, kila Jumapili baada ya misa unapima kwa futi kamba na kuandika, msimu wa mvua unapima hata usiku. Ufa mmoja nyuma ya nyumba ya mzee jirani ulifunguka upana wa vidole vitatu ndani ya wiki, tukamhamisha yeye na ng'ombe wake. Lekchara wa jiografia alipoona daftari lile aliniambia hii ndiyo tasnifu yako, na yeye ndiye aliyeniunganisha na mafunzo ya ramani za kompyuta bila kulipa. Mkutano wangu wa kwanza wa kweli, ule wa vijana wa nchi unaofanyika kabla ya COP, mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, nilikwenda na hizo namba. Nauli walirudisha.

Hesabu_Safi
Mimi sisomi mazingira, nasoma uhasibu, na nilidhani haya hayanihusu mpaka tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi lilipoporomoka likafunika nyumba na watu wakiwa ndani. Nilikaa na swali moja, je mfuko wangu umo mle? Kwa sababu taka za hosteli yetu zilikuwa zinapelekwa kule.

Tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza mkaa, tukaweka ndoo tatu pale chini ya ngazi, moja ya maganda na makombo, moja ya plastiki, moja ya mengineyo, tukapima kila jioni siku 14. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanachanganya, rafiki yangu akawa anakaa pale kwenye kigoda na gilavu anazitenga upya huku anasoma noti zake za mtihani. Kwetu sisi karibu kilo saba katika kila kumi zilikuwa maganda ya matooke na mabaki ya chakula, yaani hicho kinachooza na kutoa gesi ya methani na majimaji yanayolegeza lundo. Na hicho ndicho rahisi kukizuia kisifike kule, mfuga nguruwe wa karibu anakuja na boda kila siku mbili anachukua, mpaka leo.

Tarehe 5 Juni, siku ya mazingira, klabu ya chuo ilitafuta mtu wa kuongea nikapanda na jedwali langu. Kuna aliyeniuliza mhasibu anatafuta nini hapa. Nikamjibu Vanessa Nakate alisomea biashara pale Makerere University Business School, na Januari 2019 akasimama barabarani Kampala na bango lake. Baada ya hapo nikapata kazi ya likizo kwa watu wa mboji, wanahitaji mtu wa vitabu, na kila kikundi cha mazingira nilichoona kinahitaji mtu wa vitabu, kwa hiyo wanafunzi wa kozi zingine msijitoe.

Wa_Arua
Mnaongea ya Kampala, sisi West Nile nauli ya basi kwenda na kurudi ni chakula cha wiki mbili. Kwa hiyo nawaambia wa mikoani, angalia kilicho karibu. Sisi tuna kambi za wakimbizi, Rhino, Imvepi, na Bidibidi kule Yumbe iliyofunguliwa 2016, watu wengi wanapika kwa kuni na miti inaisha, wenyeji na wageni wanagombana porini. Mashirika yanatafuta vijana wanaoweza Kiswahili na Lugbara na Kiarabu cha Juba. Lugha ndiyo ilinipa nafasi, cheti hakijaulizwa.

Nilifundishwa briketi, mkaa wa kufinyanga. Unachoma maganda ya karanga na mabua kwenye pipa lenye hewa kidogo, unasaga, unachanganya na uji wa muhogo. Uji ukizidi zinatoa moshi, ukipungua zinavunjika. Kipimo ni mkono, finya tonge, liachie kutoka kiunoni, likifika chini zima limekubali. Kuna bibi mmoja Msudani alinifundisha kuongeza udongo kidogo wa kichuguu ili moto ukae, hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote ya mafunzo. Niliandika ripoti nikamtaja.

Mche_Mmoja
Nitasema kuhusu kupanda miti kwa sababu matukio mengi tunayoitwa ni hayo. Nilikwenda moja, tisheti, spika, waheshimiwa, miche mia tano ndani ya saa moja. Ilikuwa Desemba mwishoni, mvua zimekata. Nilirudi Februari mwenyewe kwa boda nikahesabu iliyo hai, ishirini na tatu, mingine mbuzi wamekula, mingine ilipandwa na kaveera lake la kitalu halijatolewa, mizizi imezunguka humo ndani kama uzi. Nililia pale.

Nikaanza kumwagilia hiyo ishirini na tatu na madumu, watoto wa jirani wakanisaidia. Mtu wa kitalu karibu na hapo akaniona wiki ya tatu akaniita, akanifundisha kuhamisha miche michanga kwa kijiti ukishika jani, usishike shina, akanionyesha mvule na musizi na lini kila mmoja unatakiwa kwenda shambani. Sasa nafanya naye kila likizo, analipa kidogo. Ukialikwa kupanda miti uliza nani atamwagilia, ukikosa jibu nenda na dumu lako.

Dada_Kanyawara
Kwa walio mwaka wa mwisho au waliomaliza, Tropical Biology Association wana kozi za fildi za mwezi mmoja, moja ya sehemu ni Kibale kwenye kituo cha Makerere pale Kanyawara, na kwa Waafrika kuna ufadhili. Niliomba mara mbili. Ya kwanza niliandika napenda mazingira tangu utotoni nikakataliwa. Ya pili niliandika kuhusu miche niliyoihesabu chini ya miti mikubwa pembeni ya shamba la babu nikaitwa. Kule unalala na kelele za sokwe alfajiri, mnapanga utafiti wenu wenyewe na mnausimamia mbele ya watu wanaouliza maswali makali, hiyo ndiyo shule.

Rufford nao wanatoa pesa ndogo kwa kazi ya uhifadhi, hawatoi karo, na wanataka watu wa kukushuhudia. Hao mashahidi ndio kina yule mama wa mtumbwi, huwezi kuwatafuta wiki ya dedilaini.

Kutoka_Nakivale
Mimi ni Mkongomani, nimekulia Nakivale, nasoma kwa DAFI, ule ufadhili wa UNHCR wa wakimbizi ulioanza 1992, wenzangu msioujua muulize ofisi ya elimu kambini. Sikuwa na darubini wala buti. Nilikuwa na simu ya kioo kilichopasuka, nikaanza kupiga picha wadudu na mimea kandokando ya ziwa na kuweka iNaturalist, mtandao ambapo watu wanasaidiana kutambua viumbe, bando ikipatikana. Kerengende mmoja nilimwandika vibaya, mtu wa nchi nyingine akanirekebisha na kunieleza niangalie mishipa ya bawa. Tukaandikiana mwaka mzima. Yeye ndiye shahidi wangu wa kwanza.

Mto_Nyamwamba
Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana, na kaka wa Bududa nimemsomea mama stori yako kwa simu. Kwetu sijaona anayepima kina cha Nyamwamba pale darajani, likizo hii naanza na mti wenye alama za rangi. Mwana_Kajjansi, Januari mnakwenda tena?

Mwana_Kajjansi
Tunakwenda. Tunakutana stendi ya Kajjansi saa kumi na mbili kamili asubuhi, uje na kofia, maji ya kunywa na penseli, kalamu ya wino ikilowa inafutika. Darubini nitakuazima.

Nyabo_wa_Ggaba
Na mimi nipo. Naleta chapati.