Tupeane uzoefu: ada za vyuo vya umma na wagombea wanaotaka tuwaunge mkono

Kijana wa Oli: Jamani, hapa Arua, Uganda, kila anayeomba kura anaimba ada. "Nipeni kura, fizi za Chuo Kikuu cha Muni zitashuka." Wanaojua njia za mambo haya waandike. Nani anapanga ada, na sisi tukimuunga mtu mkono tumdai nini?

Mama Busia: Anayepanga ni baraza la chuo, kwa sheria ya vyuo vya umma ya 2001. Diwani hana kalamu pale, mwenyekiti wa LC5, yaani wa wilaya, hana, na mbunge pia hana. Mbunge mlango wake ni bajeti. Serikali hupeleka mfumo wa bajeti bungeni kufikia 31 Desemba, na bajeti yenyewe hupitishwa kufikia 31 Mei. Chuo kikipunjwa hapo, kinarudi kwa mzazi. Kwa hiyo mgombea akisema "nitashusha", mwulize ataongeza fungu lipi, na atalikata wapi.

Opio: Umemaliza, mama.

Kikoni: Mmenikumbusha Chuo Kikuu cha Makerere 2019, maana pale ndipo watu walijifunza hesabu. Baraza lilipitisha mwaka 2018 nyongeza ya asilimia 15 kila mwaka, kwa wanafunzi wapya wanaojilipia, kwa miaka mitano. Watu walisikia "15" wakadhani ni ndogo. Chukua kozi ya shilingi 1,000,000. Nyongeza ya kwanza 1,150,000. Ya pili 1,322,500, kwa sababu 15 inapigwa juu ya ile iliyokwisha kupanda. Ya tatu 1,520,875, ya nne 1,749,006, ya tano imevuka milioni mbili. Kwa hesabu hiyo anayeingia mwisho angelipa mara mbili ya kaka yake kwa kozi ileile, na hapo bado hujaongeza ada za huduma, chumba na chakula. Oktoba wasichana wakaongoza maandamano. Polisi na jeshi wakajaa, mabomu ya machozi, mabweni yakavamiwa usiku, bweni la Lumumba milango ikavunjwa na vijana wakapigwa. Wanasiasa walikuja baadaye kupiga picha. Wakati nyongeza inapitishwa walikuwa wapi?

Mzee Namuwongo: Yaani ulitaka mbunge akae barazani? Chuo kijitawale, wanasiasa wakae mbali! Mmesahau Julai 2022? Vyama vilileta ugomvi wao kwenye kampeni za gildi, yaani serikali ya wanafunzi, mwanafunzi akauawa, Makerere ikasimamisha gildi. Hayo ndiyo matunda ya kuungwa mkono na vyama.

Kikoni: Mzee, usichanganye. Gildi ikisimamishwa, ada ikipanda nani anapiga kelele barazani? Wanafunzi wana viti huko kwa sheria.

Mzee Namuwongo: Viti viwili katika baraza zima! Kelele za chura.

Mama Busia: Mkimaliza kugombana turudi kwa mzazi.

Afande mstaafu: Kwa mwenye mtoto S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, kuna nafasi 4,000 za vyuo vya umma zinazolipiwa na serikali. 3,000 zinagawiwa kwa alama, 1,000 zilizobaki ni za wilaya, wanamichezo na wenye ulemavu. Zile za wilaya ndizo wagombea hujidai ni zawadi yao. Si zao. Mtoto awe wa wilaya hiyo na awe amesoma humo. Anayepelekwa shule ya Kampala amejitoa mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanaanguka, halafu wanasema wameibiwa. Fomu itataka uthibitisho kuanzia kijijini, kwa hiyo chamani wa LC1, mwenyekiti wa kijiji, ndiye mtu wako, hata kama hukupanga mstari wake siku ya kura.

Achieng: Chamani wetu mhuri una bei kuliko fomu 😂

Afande mstaafu: Mpe heshima, usimpe bahasha.

Opio: Mpe soda basi.

Dada Kasese: Na mkopo wa serikali je, wa sheria ya 2014? Unalipa ada ya masomo, ada za huduma na utafiti. Chumba na chakula haugusi, na kozi za sayansi ndizo zinazopewa kipaumbele. Mzazi anayedhani mkopo umemaliza kila kitu atashtuka wiki ya kwanza, mtoto anaomba hela ya godoro. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza.

Achieng: Mheshimiwa akiahidi basari, yaani msaada wa ada, jukwaani, msipokee barua. Ofisi ya fedha haisajili mtu kwa barua. Mtoto atoe PRN, namba ya kulipia ada, kwenye mfumo wa chuo, mpeni mheshimiwa hiyo namba alipe benki mwenyewe, kisha mtoto aangalie kama salio limeshuka. PRN ikipitwa na muda inatolewa nyingine, hakuna kisingizio.

Mzee Namuwongo: Na alipe kabla ya siku ya kura. Baada ya kura simu yake haishiki mtandao.

Kikoni: Hapo nakubaliana nawe, mzee.

Kijana wa Oli: Sasa huyu wa kwetu ameleta sukari kilo mbili kila nyumba. Tuirudishe?

Opio: Chai inywewe. PRN apelekewe kesho.